Ukurasa wa Siku ya Baruti

Siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kupumzikia, kile cha kulalia nyuma, na mpaka leo paka wa jirani amekikalia kuliko mimi. Siwezi kutulia. Nilianza kuandika haya mezani, nikahamia jikoni, sasa nimesimama dirishani na kompyuta nimeiweka juu ya friji. Ninyi niliowaacha ofisini Dilala mliniambia, "Mama Bibiane, utuandikie," mkadhani mtu akistaafu anakaa na kuandika kwa utulivu. Haya, yapokeeni yalivyo. Vyeo sitavitaja. Mishahara mnaijua, ni ile ile inayowafanya mnung'unike kila mwisho wa mwezi.

Nilitoka Lubudi, binti wa mtu wa reli, nikaja Kolwezi kuajiriwa kama mpiga chapa katika bohari ya kampuni ya mgodi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani, vumbi la bohari likavimaliza kabla ya mchana. Waliniweka mbele ya mashini yenye kioo cheusi na herufi za kijani, wakaniambia niandike vipuri vinavyoingia na vinavyotoka. Hakuna aliyenieleza kitu zaidi ya hapo. Nilibonyeza kitufe kimoja, kioo chote kikazima, nikajua nimefukuzwa kazi siku ile ile. Nilikuwa tayari nimechukua mkoba wangu nilipomwona mwanaume mmoja mrefu anakuja na bisibisi mdomoni.

Huyo ndiye Tata Ngoy. Alikuwa fundi wa umeme kwenye chumba cha kompresa kwa miaka mingi, mpaka kelele zikaanza kumuua masikio, ndipo wakamhamishia kwenye karakana ya kompyuta, mahali pa kimya, kama vile kimya kingemrudishia alichopoteza. Wakati ule alikuwa bado anasikia ukimpigia kelele. Hakugusa mashini yangu kwanza. Alitazama dirisha, akatazama kiti changu, akatazama mikono yangu, halafu akavuta meza nzima, mimi na viatu vyangu tukiwa nyuma yake, akaigeuza jua lisipige kioo.

"Haikuzima," akasema. "Jua njo ilikuwa inakufunga macho. Ona sasa. Herufi ziko."

Kweli zilikuwepo. Nilirudisha mkoba chini.

Tangu siku ile nikawa namfuata kila anapoitwa, nikisingizia kazi. Mafundi wengine walifungua mashini kwanza na kuuliza baadaye. Yeye alikuwa anakwenda mpaka mahali mashini inapoishi. Kule kwenye mizani ya malori alikuta karani analalamika kwamba kibodi inaandika vitu viwili viwili. Karani alikuwa amevaa glovu nene za kazi na hakutaka kuzivua kwa sababu ya baridi ya Juni. Tata Ngoy hakumwambia avue. Alikwenda akatafuta kibodi kubwa ya zamani yenye vitufe vilivyoachana, akamwekea. Nilimuuliza kwa nini hakumfundisha yule mtu adabu ya mashini. Alinicheka sana, mpaka karani akadhani tunamcheka yeye.

Sasa mtaniuliza, haya yanahusiana nini na kurasa za mtandao, kazi tuliyoifanya pamoja? Ngojeni, nakuja. Nimekwenda kutazama kama umeme umerudi kwa jirani. Haujarudi.

Kurasa za mtandao zilipofika, nilijifunza kuzitengeneza kwa kijana mmoja aliyetoka Lubumbashi, mwenye haraka kuliko mimi, na hiyo si sifa ndogo. Alinionyesha jinsi ya kuweka rangi na nafasi, akaondoka. Yaliyobaki niliyapata kwa kuharibu. Enzi zile kila mtu alikuwa na mashini ya mezani na kipanya, tulichokiita souris, kwa hiyo tulitengeneza ukurasa mmoja kwa ajili ya kioo kimoja na tukalala usingizi. Halafu simu za kugusa zikaingia mjini, kwanza kwa wakubwa, kisha kwa madereva, kisha kwa mama anayeuza matembele pale Manika, na usingizi wetu ukaisha.

Kesi ya kwanza iliyonitoa jasho ilikuwa ya zahanati ya kampuni. Ukurasa wao ulikuwa na menyu inayofunguka ukipitisha mshale wa kipanya juu yake. Mzuri kweli. Nesi mmoja, Mama Séraphine, akapewa simu ya kugusa, akaniita: menyu haifunguki. Nikaenda mwenyewe, kama nilivyofundishwa, nikamwambia anionyeshe. Aliinua kidole akakipitisha juu ya kioo bila kugusa, taratibu, kama mtu anayepima iwapo pasi imepata moto.

"Mama, sasa unafanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Njo vile balinifundisha! Banasema pitisha juu, usibonyeze. Mi napitisha tangu asubuhi, haina kitu inafunguka!"

Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia. Lakini njiani kurudi sikucheka tena, maana hakukosea yeye. Kidole hakiwezi kuelea. Kinagusa au hakigusi. Pale ndipo nilipoanza kupenda zile sentensi fupi za CSS, lugha ya kuzipa kurasa sura, ambazo zinauliza kifaa kabla ya kukivisha nguo: @media, halafu swali ndani ya mabano. Unauliza kwa hover, je, wewe unaweza kuelewa mshale uliosimama juu ya kitu bila kubonyeza? Kikijibu ndiyo, kipe menyu inayojificha. Kikijibu hapana, fungua menyu yote mezani, kila mtu aone. Mama Séraphine alipata menyu yake wazi wiki ile ile, na alinitumia mkungu wa ndizi.

Kisha ikaja habari ya pointer. Unauliza kifaa: kinachokuelekeza ni chembamba kama ncha ya mshale, au ni kinene kama kidole? Kwa madereva wa malori makubwa nilikuza vitufe mpaka mkuu wangu akasema ukurasa unafanana na mchezo wa watoto wa chekechea. Nikamwambia avae glovu ajaribu vile vidogo. Hakuvaa, lakini vitufe vilibaki vikubwa. Na msisahau kwamba siku hizi kuna kompyuta za mapajani zenye kipanya na kioo cha kugusa kwa pamoja. Ukiuliza chombo kikuu tu utajibiwa nusu. Lipo swali la any-pointer, linalouliza kama kuna kidole popote pale. Ulizeni hilo pia. Haligharimu kitu.

Mkuu huyo huyo alikuwa na lori lake. Namaanisha picha ya lori la manjano lililokuwa linakatiza juu ya ukurasa wa mbele, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuchoka. Alilipenda kuliko wanawe. Mwanamke mmoja wa idara ya uhasibu akaja kuniambia kwamba lile lori linamzungusha kichwa mpaka anataka kutapika, na lazima afungue ukurasa ule kila siku. Nikaenda kwa mkuu.

"Camion itaendelea kutembea," akasema.

"Patron, itatembea. Kwa ule mwenye anataka itembee."

Simu na kompyuta nyingi zina mahali pa kusema, mimi naomba vitu visitembee-tembee. Ukurasa unaweza kuuliza kama ombi hilo lipo: prefers-reduced-motion. Nilimwekea yule mama ombi lake, lori likasimama kwake tu, na mkuu hajui mpaka leo. Labda anajua sasa, kama anasoma. Patron, shikamoo.

Rangi za giza nazo zilituletea kelele. Vijana wa ofisini walitaka kurasa nyeusi. Watu wa kule juu ya shimo la mgodi, kwenye jua la mchana, walisema ukurasa mweusi unawaonyesha nyuso zao wenyewe kama kioo cha kunyolea. Wote walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililokuwa linanichosha. Dawa ni kumuuliza mtu alichochagua kwenye simu yake, prefers-color-scheme, na kumpa hicho, badala ya kupiga kura ofisini.

Miaka yote hiyo Tata Ngoy alikuwa akizidi kuwa kiziwi. Alistaafu kabla yangu, akiwa hasikii kitu kabisa. Ukitaka kuongea naye unasimama mbele yake, unasema polepole, anasoma midomo, na asipoelewa anakupa simu uandike. Mkewe alifariki, watoto wako Lubumbashi, na yeye hakukubali kuhama nyumba yake, ya mwisho kwenye barabara yake, karibu na ukingo wa shimo. Mnalijua shimo lile, linavyokuja kidogo kidogo kuelekea mjini kama halijui kwamba kuna watu.

Ni kwa ajili ya mitaa ya huko tulitengeneza ukurasa wa siku ya baruti. Kampuni inapopasua mwamba, king'ora kinalia, watu wa barabara za karibu wanatoka na kusubiri nje ya kizuizi mpaka mlipuko upite, halafu wanarudi kufagia vumbi. Ikiwa mlipuko uko upande wa pili wa shimo, hakuna anayetoka. King'ora kinalia vile vile, kwa hiyo watu walitaka kujua mapema, leo ni zamu ya nani? Nilitengeneza ukurasa mbaya kwa macho, nakubali: majina ya barabara kwa herufi nene, na mbele ya kila jina neno TOKENI au BAKIENI. Basi. Tata Ngoy aliufungua kila asubuhi. Hana king'ora, ana ule ukurasa tu. Siku ya kutoka alikuwa anafika kizuizini kabla ya kila mtu, na kiti chake cha kukunja, mpaka walinzi wakawa wanamtania kwamba ndiye anayewasha baruti.

Nilipostaafu, ukurasa ule ulikwenda kwa Grâce. Wengi wenu mnamjua Grâce, binti wa Manika, anayeongea na kompyuta kama anaongea na mdogo wake. Nasema hapa wazi mbele yenu kwamba anaijua kazi kuliko nilivyoijua mimi. Aliutengeneza upya. Akaweka ramani ya mtaa mzima, barabara za kutoka nyekundu, za kubaki kijani. Ukigusa barabara inakueleza kwa maneno. Vitufe vikubwa kwa kidole, giza kwa wanaotaka giza, hakuna kitu kinachotembea kwa asiyetaka. Alinitumia niuone. Nilikaa nao nusu siku nikitafuta kosa, kwa sababu nina roho hiyo, nikakosa. Nikamwandikia, "Mwanangu, uko muzuri sana."

Katika juma hilo hilo nilimtembelea Tata Ngoy. Transfoma ya mtaa wao ilikuwa imeungua, giza tupu, wanachaji simu kwa jirani mwenye paneli ya jua. Akanionyesha simu yake kwa furaha ya mtoto. Alikuwa ameiweka kwenye hali ya kubana betri kabisa, na simu ya aina ile ikibana hivyo inaondoa rangi zote. Kila kitu kijivu, hata picha ya marehemu mkewe.

"Siku mingi bila kuchaji!" akasema kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia. "Na data nafungua asubuhi tu, kisha nafunga!"

Nikampongeza. Tukanywa chai, nikaenda zangu. Vitu viwili nilikuwa navyo mkononi, ukurasa ule na simu ile, na havikukutana kichwani mwangu.

Vilikutana sokoni Manika. Nilikuwa nanunua samaki mkavu, nimeshika simu mkono mwingine, nafungua ukurasa wa baruti. Kwa nini nafungua na siishi kule? Sijui. Ni kama mtu aliyeacha kuvuta sigara anavyopapasa mfuko. Mlipuko ulikuwa saa nane. Barabara ya Tata Ngoy ilikuwa nyekundu, nyekundu nzuri, iliyopoa, na kijani nzuri pembeni yake. Grâce alizichagua zilingane ung'avu ili zisiumize macho. Nikasema moyoni, zinameremeta kweli. Halafu nikaziona zote mbili bila rangi. Nyekundu ile na kijani ile, ukiziondolea rangi, ni kijivu kimoja.

"Mama, samaki unabeba ao unaacha?" muuzaji akaniuliza.

Niliacha. Nikamwandikia Tata ujumbe, TOKA TATA, ukaenda ukasimama na alama moja tu, maana data alishafunga. Kumpigia ni bure. Nikarukia pikipiki ya kwanza niliyoiona.

"Tunaenda wapi, Mama?"

"Kwenye kizuizi cha shimo. Kimbia."

"Mama, leo kule balishafunga, kuko baruti."

"Njo maana nakuambia kimbia!"

Njiani nilijifariji. Majirani watakuwa wamemtoa. Lazima. Mtu kiziwi, mzee, nani angemwacha? Nilijiambia hivyo mpaka nikafika na kuwaona majirani wote pale nje, wamekaa kwenye ndoo na viti, watoto wanacheza, na kiti cha kukunja sikukiona.

"Tata Ngoy yuko wapi?" nikamuuliza mama wa nyumba ya jirani yake.

"Yee? Yee anatokaka mbele ya sisi wote. Atakuwa ameenda kwa batu yake."

"Umemuona akitoka?"

Akafikiri. "Kumuona, hapana. Lakini yee kila mara njo wa kwanza."

Wote wakasema hivyo hivyo, kwa uhakika ule ule. Hakuna aliyemtafuta yule ambaye siku zote ni wa kwanza. Nikamwendea mlinzi kwenye kamba. Alikuwa na bendera nyekundu na redio begani.

"Mama, hauwezi kupita."

"Kuna mutu ndani."

"Hakuna. Tulipita nyumba kwa nyumba, tuligonga kila mulango. Wenye balikuwa ndani balijibu, balitoka."

"Na huyu hasikii! Ungegonga mpaka Krismasi asingekujibu!"

Akanitazama. King'ora kilianza kulia wakati ule ule, mlio mrefu, na wale watoto wakaacha kucheza. Nilimshika mkono, mlinzi wa watu, kana kwamba ni mwanangu, nikamwambia sasa hivi napita chini ya kamba yako na wewe utafanya unachotaka. Akabonyeza redio.

"Chef, simamisha. Simamisha kwanza. Iko mutu ndani, muzee mumoja. Hapana, sijamuona. Kuko mama hapa anasema."

Redio ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza. Halafu mtu wa upande wa pili akasema sawa, tunasubiri, mwende haraka. Namshukuru yule mtu ambaye simjui sura. Angeweza kusema mama gani tena huyo.

Tulikimbia. Yaani mlinzi alikimbia, mimi nilifanya nilichoweza kwa magoti haya. Barabara ilikuwa tupu, nguo kwenye kamba, sufuria limeachwa juu ya mbabula, jiko la mkaa. Tukasukuma geti la mwisho. Tata Ngoy alikuwa chini ya kibaraza, amekaa kwenye kile kiti chake cha kukunja, feni imefunguliwa mapajani, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria. Akainua macho akatabasamu.

"Bibiane! Na polisi?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nilisimama mbele yake nikasema polepole, "Tata, leo ni baruti. Ni barabara yenu. Toka."

"Hapana," akasema, bila wasiwasi. "Niliangalia asubuhi." Akatoa simu mfukoni akanionyesha, anajivunia kwamba ameangalia. Ramani ilikuwa pale, barabara zote za mtaa kijivu kimoja, safi, laini, bila tofauti hata kidogo. "Unaona? Zote ziko sawa. Kama kungekuwa na ya kutoka, ingekuwa tofauti na zingine. Leo baruti iko upande ule."

Mkisema hakufikiri vizuri, basi hata mimi sijui kufikiri. Aliuliza ukurasa, ukurasa ukamjibu wote salama. Alikuwa ameitii kazi yetu. Mlinzi alimwinua kwapani na mimi nikabeba kiti, na bado alirudi kuchukua kile kifuniko ili skrubu zisipotee. Tulipotoka nje ya kamba majirani wakapiga makofi, halafu wakauona uso wangu wakaacha. Mlipuko ulipopita, ardhi ilitikisika, na yeye akasema, "Hiyo nimeisikia," akiwa ameweka kiganja chini. Mimi nililia. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Grâce alifika na vumbi halijatua. Nilikuwa nimempigia nikiwa bado kwenye pikipiki. Alimtazama Tata, akaichukua simu yake, akaikagua ile ramani.

"Mama Bibiane, mi niliuliza," akasema. "Kweli niliuliza. Nimeweka swali la monochrome. Kifaa kikisema hakina rangi, ramani inabadilika, inaweka mistari. Nilijaribu na ikafanya."

"Na hii ilikujibu nini?"

"Ilijibu iko na rangi." Akanigeuzia kioo. "Na haikudanganya. Kioo chake kiko na rangi. Ule ukijivu simu inaupaka juu, kisha ya ukurasa kumaliza. Ukurasa hauna namna ya kujua."

Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu naandika haya nikizunguka nyumba badala ya kukaa. Maswali yale ni mazuri, nimewafundisha wengi wenu, endeleeni kuyauliza. Lakini kifaa kinajibu habari zake chenyewe. Hakijui kwamba transfoma imeungua. Hakijui masikio ya aliyekishika. Kwa hiyo kile ambacho mtu akikikosa anaweza kufa, kisitegemee jibu la kifaa. Kiandikeni kwa neno, kionekane kwa kila mtu, chenye rangi na kisicho na rangi, halafu ndipo mpambe mnavyojua kupamba.

Grâce alimrudishia Tata simu. Aliweka kompyuta yake juu ya kiti cha pikipiki, palepale kwenye vumbi, akaanza. Neno TOKENI ndani ya kila barabara ya kutoka, BAKIENI ndani ya kila ya kubaki, mistari ya mshazari juu ya zile za hatari, bila kuuliza kifaa lolote. Tata Ngoy alisimama nyuma yake na ile simu ya kijivu, akiufungua ukurasa upya kila mara Grâce anapompa ishara. Mara ya kwanza neno lilikuwa dogo, akatikisa kichwa. Mara ya pili lilikatwa na ukingo wa kioo. Lilipokaa sawa akalisoma kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka, "TOKENI!", na mama mmoja akainuka na ndoo yake kwa hofu.

Nilidhani pale mambo yamekwisha. Lakini Tata Ngoy alikuwa na neno lake. Aliwageukia majirani, akauliza kwa ile sauti yake, nani hapa hana simu? Mikono ikainuka, mmoja, mwingine, mingi kuliko nilivyofikiri. Miaka yote hii nilidhani nafanya kazi kwa ajili yao, kumbe hakuna ukurasa wangu hata mmoja waliowahi kuuona. Grâce aliondoa mikono kwenye kibodi. Hakuna @media ya mtu asiye na kifaa.

Dawa ilikuwa kwa Tata Ngoy. Sasa kila siku ya baruti anasoma ukurasa asubuhi, kwa kijivu chake, na akiona TOKENI anaanza nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, kiti begani. Anagonga mlango. Jibu hasikii, kwa hiyo hangoji, anaingia na kumtoa mtu. Juzi alimtoa katekista bafuni na povu la sabuni kichwani, na wote wawili walifika kwenye kamba kabla ya king'ora.